Kutengeneza polima inayotambua protini: mwongozo kamili kwa maabara ya kawaida ya Nyanda za Juu Kusini

Maabara yoyote ya Mbeya au Iringa inayoendesha jeli za kutenganishia protini tayari ina karibu kila kitu cha kutengeneza polima inayoweza kuichagua protini moja kati ya nyingi. Akrilamaidi ipo, bisi-akrilamaidi ya kuifunga kwa pembeni ipo, amoniamu pasalfeti ya kuanzisha muungano ipo, TEMED ya kuuharakisha ipo, SDS (sabuni kali ya maabara) ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni maelekezo, hasa juu ya hatua mbili zinazorukwa sana: kuosha jeli mpaka protini itoke, na kutengeneza polima tupu ya kulinganishia. Hatua hizo nimezipa nafasi kubwa kuliko mchanganyiko wenyewe, kwa sababu ndizo zinazoamua kama kweli umepata polima yenye chapa, yaani yenye alama ya umbo la protini ndani yake, au umepata jeli tu inayonata.

Kuna sababu ya kuhangaika na kazi hii huku kwetu. Kingamwili za maabara, zinazotumika kutambua protini, huja kutoka nje zikiwa kwenye barafu, hutakiwa kukaa kwenye baridi, na umeme ukikatika muda mrefu huna uhakika tena kama zinafanya kazi. Polima haina shaka hiyo. Lakini isemwe wazi kwamba kwa protini kubwa, kingamwili nzuri bado huchagua kwa ukali zaidi kuliko polima nyingi zilizokwisha tengenezwa. Polima inashinda kwa uvumilivu, kwa bei, na kwa kuwa unaweza kuitengeneza mwenyewe.

Jinsi inavyofanya kazi

Unayeyusha protini unayoitaka, ambayo hapa tutaiita kiolezo, kwenye maji yenye monoma, yaani molekuli ndogo zitakazoungana kuwa polima. Monoma hujipanga kuizunguka kwa vifungo vya haidrojeni na mivuto mingine dhaifu. Kisha unaanzisha muungano: monoma zinashikana, kiunganishi (hapa bisi-akrilamaidi) kinazifunga kwa pembeni, na jeli inaganda huku protini ikiwa ndani. Ukiitoa protini, inabaki nafasi yenye umbo lake na yenye makundi ya kikemia mahali yanapotakiwa. Ni kama kwato ya ng'ombe kwenye tope: tope likiwa jepesi mno alama inajifunika, likiwa limekauka kwato haiingii kabisa. Kiasi cha kiunganishi ndicho kinachoamua tope lako ni la namna gani.

Wazo hili ni la zamani. Polyakov aliliona kwenye jeli za silika mwaka 1931, Günter Wulff akalipeleka kwenye polima za kaboni mwaka 1972, na Klaus Mosbach pamoja na wenzake wa Lund, Sweden, wakaonyesha kwamba mivuto dhaifu peke yake inatosha. Ila mafanikio mengi ya mwanzo yalikuwa ya molekuli ndogo kama dawa, na yalifanyika ndani ya viyeyusho visivyo maji. Protini haikubali hayo. Ukiiweka kwenye kloroformu inakunjuka, na chapa utakayopata ni ya protini iliyoharibika. Isitoshe ni kubwa: himoglobini ina takribani nanomita 5 hadi 6 kwa upana, kwa hiyo kwenye polima ngumu inanasa ndani na haitoki. Ndiyo maana tunatumia jeli laini ya akrilamaidi, inayoungana ndani ya maji, kwenye joto la kawaida.

Anza na himoglobini ya ng'ombe

Ushauri wangu ni huu, na sina wasiwasi nao: usianze na protini unayoitafutia kipimo. Anza na himoglobini ya ng'ombe. Ina rangi, kwa hiyo unaiona kwa macho ikiingia na ikitoka. Ina kilele kikali cha ufyonzaji wa mwanga karibu na nanomita 405 hadi 415, kwa hiyo spektrofotomita ya kawaida inatosha. Uzito wake ni takribani kilodaltoni 64.5, na pH inayosawazisha chaji zake iko karibu na 7, kwa hiyo kwenye maji ya kawaida haielemei sana upande wowote.

Kama una ya unga ya kununua, itumie. Kama huna, chukua damu machinjioni, ya ng'ombe aliyekaguliwa na daktari wa mifugo. Hilo halina mjadala, maana kimeta na brusela si magonjwa ya kuchezea. Vaa glavu na miwani. Kinga sehemu 9 za damu kwenye sehemu 1 ya trisodiamu sitreti ya asilimia 3.8 ili isigande. Zungusha kwenye sentrifuji dakika 10, mwaga utegili pamoja na utando mweupe wa juu, kisha osha seli nyekundu mara 3 kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Ongeza maji baridi yaliyokenekwa, mara 2 ya ujazo wa seli, utikise, seli zitapasuka. Zungusha tena kwa kasi kubwa kadiri mashine yako inavyoruhusu, uchukue kimiminika chekundu kilichotakata na kuacha mashapo.

Kupima wingi wake, chukua kidogo, zimua, soma kwenye nanomita 541 ikiwa bado mbichi na nyekundu ang'avu: ufyonzaji wa 1 ni karibu miligramu 1.2 kwa mililita. Usikae nayo siku nyingi. Himoglobini hubadilika taratibu kuwa ya rangi ya kahawia na kilele chake husogea kutoka 415 kuelekea 405. Kwa hiyo kabla ya kila kipimo pitisha wigo mzima (soma ufyonzaji kwenye nanomita nyingi mfululizo), kisha tumia kilele cha sampuli yako, usitumie namba uliyoisoma mahali.

Vifaa, na tahadhari za kweli

Utahitaji mizani ya kupima miligramu, mikropipeti, mirija ya sentrifuji, chekeche ya chuma yenye matundu ya mikromita 75, spektrofotomita, na maji yaliyokenekwa. Mtungi wa naitrojeni ni mzuri. Usipokuwepo, pampu ya kuvuta hewa inafaa.

Akrilamaidi ikiwa bado monoma ni sumu ya mishipa ya fahamu na hupenya kwenye ngozi. Hatari kubwa ni pale inapopimwa ikiwa unga, kwa hiyo vaa barakoa na glavu, zima feni, na futa mizani kwa kitambaa kibichi ukimaliza. Mabaki ya myeyusho usiyamwage kwenye sinki: yagandishe kwa pasalfeti na TEMED, kisha tupa jeli kama taka ngumu za maabara. Mabaki ya damu yatie dawa ya klorini, lakini kamwe usichanganye klorini hiyo na maji ya kuoshea yenye asidi, maana itatoka gesi ya sumu.

Kuchanganya na kugandisha

Vipimo hivi ni vya mililita 10, ili uweze kupima bila kubahatisha. Chukua miligramu 540 za akrilamaidi, miligramu 60 za bisi-akrilamaidi na miligramu 120 za himoglobini, kwenye maji ya jumla ya mililita 9.6. Ikiwa himoglobini yako ni ya maji, hesabu ujazo wake ndani ya hizo 9.6. Kiunganishi hapo ni asilimia 10 ya uzito wa monoma zote, na hapo ndipo pa kuanzia. Baadaye unaweza kujaribu 5 na 15 uone tofauti.

Koroga polepole, bila kupiga povu, kisha acha kwa nusu saa monoma zijipange. Wakati huo chukua tone, zimua, pitisha wigo. Ukifanana na wa himoglobini peke yake, umbo la protini halijaguswa. Ukiwa umebadilika, simama hapo hapo. Hakuna sababu ya kuendelea kuchapa kitu kilichoharibika.

Gawa kwenye mirija 10, mililita 0.96 kila mmoja. Pitisha naitrojeni kwa dakika 5, au vuta hewa kwa pampu, kwa sababu oksijeni hukamata radikali (chembe zinazoendesha muungano) na kuuzuia. Kwa kila mrija ongeza mikrolita 20 za amoniamu pasalfeti ya asilimia 10, iliyoyeyushwa siku hiyo hiyo, na mikrolita 20 za TEMED ya asilimia 5. Geuza mrija mara chache, funga, acha usiku kucha. Usishangae jeli ikielekea rangi ya kahawia. Pasalfeti huoksidisha himoglobini.

Hapa hali ya hewa yetu inaingia. Mwezi wa Juni na Julai, chumba kisicho na kipasha joto hapa Mbeya, au Makete na Njombe ndiyo zaidi, hupoa kiasi kwamba jeli inachelewa kuganda au inaganda nusu nusu. Jeli ya namna hiyo ina matundu yasiyo sawa. Weka mirija kwenye bafu ya maji ya nyuzi 25. Usijaribu kuharakisha kwa maji ya moto, maana utaiharibu protini.

Polima tupu

Siku hiyo hiyo, kutoka chupa zile zile, tengeneza mirija mingine yenye kila kitu isipokuwa himoglobini. Hii ndiyo polima tupu. Itapita kila hatua ambayo mwenzake anapita: chekeche ile ile, maji ya kuoshea yale yale, idadi ile ile ya mizunguko. Watu huitengeneza wiki inayofuata, au huacha kuiosha kwa SDS kwa kuwa "haina protini ya kutoa". Matokeo ya kazi kama hiyo hayana thamani, hata mchoro wake ungependeza vipi. Jeli yoyote ya akrilamaidi hushika protini kidogo. Swali lako ni kama chapa imeongeza kitu juu ya hapo, na hakuna njia nyingine ya kulijibu.

Kusaga na kuosha

Toa jeli kwenye mrija, isukume kwenye chekeche kwa mgongo wa kijiko cha chuma huku ukidondoshea maji. Utapata chembechembe laini zenye unyevu. Usizikaushe. Ukubwa wa chembe una maana, kwa kuwa protini ya kilodaltoni 64 husafiri polepole sana ndani ya jeli. Nafasi zilizo karibu na uso ndizo zitakazofanya kazi.

Osha kwanza kwa maji mara 5: kwa kila jeli ya mililita 1 ongeza mililita 1 ya maji, tikisa, zungusha dakika 3 kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, toa maji ya juu. Maji hayo yataondoa monoma zilizobaki na himoglobini iliyokaa juu juu. Kisha osha mara 5 kwa mchanganyiko wa SDS asilimia 10 na asidi asetiki asilimia 10, wenye pH karibu 2.8. Asidi huikunjua protini, SDS huivaa (takribani gramu 1.4 kwa kila gramu ya protini) na kuisukuma nje. Mwisho osha kwa maji tena, mara 5 au zaidi.

Kuna mambo matatu ya kuyashika hapa. La kwanza: SDS ya asilimia 10 hutoa fuwele nyeupe joto likishuka chini ya nyuzi 20 hivi, na asubuhi nyingi za Iringa na Mbeya ziko chini ya hapo. Ukizungusha jeli yenye fuwele hizo utadhani ni jeli. Weka mchanganyiko kwenye bafu ya nyuzi 30 kabla na wakati wa kuosha. La pili: usitumie bafa (myeyusho unaoshikilia pH) yenye potasiamu kabla ya SDS kuisha, kwa sababu potasiamu na SDS hutoa mashapo papo hapo. Tumia maji au bafa ya sodiamu. La tatu ndilo kubwa: SDS ikibaki kwenye jeli, itaikunjua himoglobini mpya utakayoweka na kuikwamisha, nawe utafurahia "utambuzi" ambao si utambuzi. Tikisa maji ya mwisho kwenye mrija uliofungwa. Yakitoa povu linalodumu, endelea kuosha. Yapime pia pH, yafanane na maji uliyotumia. Asidi iliyobaki hudanganya vilevile.

Tunza maji yote ya kuoshea na uyapime. Ndani ya SDS na asidi kilele cha himoglobini hushuka kuelekea 400, kwa hiyo tengeneza vipimo sanifu vyake ndani ya mchanganyiko ule ule. Kila mrija uliingia miligramu 12. Jumlisha zilizotoka ujue umetoa asilimia ngapi. Sehemu fulani hubaki ndani daima, na si lazima kupata yote. Kinachotakiwa ni kwamba maji ya mwisho kabisa yasiwe na himoglobini inayopimika. Yakiwa nayo, kiolezo kinavuja, na kila kipimo cha baadaye kitakuwa cha uongo.

Kupima kama inatambua

Pima miligramu 500 za jeli mbichi, iliyochujwa maji, kwenye mrija. Ongeza mililita 1 ya himoglobini ya miligramu 0.5 kwa mililita. Fanya hivyo kwa polima yenye chapa mirija 3 na kwa polima tupu mirija 3. Zungusha taratibu kwa saa 1, sentrifuji, chukua maji ya juu, zimua mara 10, soma kwenye kilele chako. Kuzimua ni lazima: kwa miligramu 0.5 ufyonzaji unapita 3, na hapo spektrofotomita nyingi hazisemi kweli.

Hesabu ni nyepesi: wingi wa mwanzo toa wingi uliobaki, zidisha kwa ujazo, gawanya kwa uzito wa jeli. Tuseme, kwa mfano tu, polima yenye chapa imebakiza 0.12 na polima tupu imebakiza 0.37. Ya kwanza imechukua miligramu 0.38, ya pili 0.13. Gawanya, unapata karibu 2.9, na huo ndio uwiano wa chapa. Ukiwa 1, hakuna chapa. Kumbuka kwamba maji yaliyomo kati ya chembe za jeli huzimua himoglobini hata pasipo kitu kushikwa, kwa hiyo sehemu ya ile 0.13 ni maji tu. Ndiyo maana jeli zote mbili zichujwe kwa namna moja, kwenye mzunguko mmoja wa sentrifuji.

Ukiridhika, rudia kwa wingi tofauti, kuanzia miligramu 0.05 hadi 3 kwa mililita, upate mchoro wa ushikaji. Kisha rudia kwa muda tofauti, dakika 5 hadi saa 3, ujue jeli inashiba lini.

Utambuzi hauishii kwenye protini moja. Weka albumini ya ng'ombe, protini nyingine ya damu, kwenye jeli zote mbili. Uzito wake, kilodaltoni 66.5, unakaribiana kabisa na wa himoglobini, lakini chaji zake zinalingana kwenye pH karibu 4.7. Polima ikiiacha albumini na kushika himoglobini, si suala la ukubwa tu. Weka pia sitokromu c, ndogo, ya kilodaltoni 12, yenye chaji chanya nyingi. Ikiingia kwa wingi kwenye jeli zote mbili, hiyo ni kazi ya matundu. Ikiingia zaidi kwenye ile yenye chapa peke yake, shaka yako iende kwenye SDS iliyobaki, kwa sababu SDS ina chaji hasi na huivuta.

Kipimo kinachonivutia kuliko vyote ni cha kuchanganya himoglobini na albumini mrija mmoja. Hapo ndipo hali inafanana na sampuli ya kweli, na polima nyingi zilizosifiwa zikiwa na protini moja moja hulegea.

Kutoka himoglobini kwenda kwenye maziwa

Ukishakuwa na uwiano unaorudiwa kwa matoleo matatu tofauti ya jeli, unaweza kubadilisha kiolezo. Wapo wanaochapa kipande kifupi tu cha protini badala ya protini nzima, njia iliyofunguliwa na Rachkov na Minoura. Wengine huchapa kwenye uso mwembamba, kwa mfano kwa dopamini inayojiunga yenyewe kwenye pH 8.5. Mwaka 2010 Kenneth Shea na wenzake walionyesha chembe za polima zikikamata sumu ya nyuki, melitini, ndani ya damu ya panya hai. Kazi hizo zinahitaji vifaa zaidi, ila msingi ni huu huu.

Kwa huku kwetu, ninaloona linafaa kufuata ni albumini ya ng'ombe kwenye maziwa. Ng'ombe akiugua kiwele, ukuta kati ya damu na maziwa hulegea na albumini huongezeka kwenye maziwa. Wafugaji wa Rungwe, Njombe na Mufindi wanaujua ugonjwa huo kwa hasara yake. Mchanganyiko ni ule ule, weka albumini mahali pa himoglobini. Lakini albumini haina rangi, kwa hiyo pima kwa rangi ya Bradford, inayogeuka buluu ikishika protini, kwenye nanomita 595, ukijua kwamba SDS huivuruga rangi hiyo.

Maziwa yenyewe yaandae hivi: zungusha kwenye baridi utoe mafuta, shusha pH hadi 4.6 kwa asidi ili kaseini, protini kuu ya maziwa, igande, chuja, kisha rudisha pH karibu na 6.8 kwa sodiamu haidroksaidi. Pitisha kwenye jeli zote mbili, osha kwa maji, toa kilichoshikwa kwa SDS na asidi. Bradford haitakuambia ni protini gani iliyotoka, hivyo sawazisha pH ya sampuli hiyo na uiendeshe kwenye jeli ya kutenganishia protini, polima yenye chapa mstari mmoja, polima tupu mstari wa pembeni, maziwa ghafi mstari wa tatu. Angalia mkanda wa kilodaltoni 66, kisha angalia ule wa beta-laktoglobulini kule chini karibu na 18. Protini hiyo ya chini ndiyo nyingi zaidi kwenye maji ya maziwa yanayobaki kaseini ikitoka, na ikionekana kwa nguvu ile ile kwenye mistari yote, rudi kwenye kiasi cha kiunganishi kabla hujagusa kitu kingine.